Mchicha na Mnanaha

Wasomaji wenzangu, nanyi mliokwisha kumaliza masomo, leo nataka tutazame mimea miwili ambayo kila mmoja wetu ameipita njiani bila kuijali. Mvua zinapoanza hapa Dzaleka, wilaya ya Dowa, huota pamoja katika mashamba ya mahindi na penye majaa. Wa kwanza ni mchicha, ambao ndugu zetu wa Kivu huuita lengalenga, na wenyeji wa Malawi bonongwe. Wa pili ni mnanaha, mmea wa sumu.

Ikiwa imekwisha kuchanua, hata mtoto aweza kuitenga. Mnanaha hutoa ua kubwa, jeupe au la zambarau, mfano wa tarumbeta, nalo hufunguka jioni. Kisha huja tunda la miiba, kadiri ya yai dogo, ambalo likikauka hupasuka pande nne. Ua la mchicha ni dogo mno hata huonekana kama si ua. Halina petali, nayo maua husongamana katika mashuke. Mchicha hauna haja ya kujipamba, maana chavua yake huchukuliwa na upepo.

Kwa sababu ya maua hayo wataalamu wameuweka mchicha katika jamaa ya Amaranthaceae. Mnanaha wameuweka katika Solanaceae pamoja na nyanya, viazi, pilipili, na ile tumbaku inayouzwa mnadani Lilongwe, kilometa 45 hivi kutoka hapa. Jamaa ya ajabu kweli!

Lakini mchuma mboga hangoji maua. Yeye hutaka majani machanga, na hapo ndipo penye hatari. Jani la mnanaha likikomaa huwa na meno makubwa yasiyo sawa ukingoni, na la mchicha halina meno. Ila majani ya kwanza ya mnanaha nayo hayana meno! Basi mimi hutazama yale majani mawili yatokayo katika mbegu: ya mnanaha hufika sentimeta 2 hadi 4, ya mchicha kama 1 tu. Tena hufikicha jani na kulinusa, kwani mnanaha hunuka vibaya. Baadaye nawa mikono, maana ukigusa jicho mboni yaweza kupanuka.

Sumu zake, atropini na skopolamini, zimo katika mmea mzima, wala haziondoki kwa kupikwa. Aliyeula hukauka kinywa, moyo humwenda mbio, kisha huweweseka. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya mboga ile.

Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, watu karibu 300 waliugua baada ya kula unga wa msaada uliochanganyika na sumu za namna hii, na watano wakafa. Katika unga hakuna jani la kutazama. Kwa hiyo apetaye nafaka atazame ungo wake kabla ya kusaga: mbegu ya mchicha ni ndogo sana, ya mviringo, yang'aa, ya mnanaha ni bapa, nyeusi, na umbo lake ni la figo.