Kuvua Pweza kwa Kijiti

Kama unakaa Msimbati, Msangamkuu au Nalingu, umewaona akina mama wakiteremka mwambani maji yanapokupwa. Kila mmoja ana kijiti mkononi na ndoo au kikapu. Baada ya muda wanarudi na pweza. Huenda nawe ulishuka siku moja, ukazunguka mpaka jua la utosi, ukarudi na kikapu kitupu. Usiseme huna bahati. Pweza walikuwepo. Ulipita juu yao.

Somo hili ni la mtu anayeanza.

Jua maji kwanza. Pweza huvuliwa kwa miguu wakati wa bamvu, yaani siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, na siku chache baada yake. Siku hizo bahari hupwa sana. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu mwamba haukauki vizuri, basi nenda shambani. Katika pwani yetu, siku za bamvu maji hufika mwisho wa kupwa kama saa 4 au saa 5 asubuhi. Kila siku inayofuata huchelewa karibu dakika 50. Shuka maji yakiwa bado yanatoka, uyafuate pole pole. Yakianza kurudi, nawe rudi, hata kama umeona pweza mwingine. Hatari haiko mbele yako, iko nyuma. Bonde lililo kati ya mwamba na nchi kavu hujaa mapema, na wewe ungali umeinama unatazama mashimo.

Usiende kutafuta karibu na mdomo wa mto Ruvuma. Mto huleta maji baridi na matope, na matumbawe hayapendi vitu hivyo. Pweza naye hapendi maji yasiyo na chumvi. Tafuta kwenye miamba iliyo mbali na mto.

Sasa tujifunze kuona. Hapa ndipo wengi hushindwa. Pweza hubadili rangi yake mara moja akafanana na jiwe au majani ya baharini. Ukimtafuta yeye hutamwona. Tafuta nyumba yake. Pweza hula kaa na chaza, na mabaki huyatupa mlangoni. Ukiona magamba ya kaa na makombe masafi, yasiyoota ukungu, yamelala pamoja mbele ya shimo, simama hapo. Tazama tena. Mara nyingi kuna vijiwe vimepangwa mlangoni, maana pweza hujifungia kwa mawe. Pengine utaona maji yakipumuliwa kutoka ndani, au jicho moja linakutazama.

Usitie mkono. Mkunga naye hukaa katika mashimo kama hayo, na meno yake ni makali. Vaa raba miguuni, kwa sababu kuna samaki afananaye na jiwe ambaye mwiba wake una sumu kali. Mtu akichomwa, aloweke mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kisha apelekwe zahanati bila kukawia.

Chukua kijiti, ukitie mlangoni na kukichezesha taratibu, kama kaa anayetembea. Wewe unamdanganya. Wawindaji wa bata huko Marekani huelekeza majini bata wa bandia, ili bata wa kweli waone wenzao na kushuka. Kijiti chako kinafanya kazi hiyo hiyo. Pweza atanyoosha mnyiri mmoja na kukishika. Usivute! Anayeanza huvuta hapo hapo, na pweza huganda ndani ya mwamba kwa minyiri yote minane. Endelea kuchezesha. Akitoka na kukikumbatia kijiti, mchome kwa kijiti cha pili chenye ncha ya chuma, umtoe kwa mkupuo mmoja. Kisha geuza kichwa chake ndani nje ili afe upesi. Kumpigapiga juu ya jiwe mpaka alainike ni kazi ya baadaye.

Kama hatoki, mwache. Kuvunja mwamba kwa mtaimbo, au kumwaga utupa shimoni, ni kubomoa nyumba ambayo mwezi ujao ingepata mpangaji mwingine. Shimo zuri halikai tupu muda mrefu.

Kuna pweza wa kumwacha hata kama unaweza kumpata. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kuvua pweza mwenye uzito wa chini ya gramu 500. Mwingine ni mama anayelalia mayai. Yeye hujizibia kwa mawe, na mlangoni hakuna mabaki mapya, kwa sababu amekwisha acha kula. Mayai yake yananing'inia kama nyuzi nyeupe darini mwa shimo. Huyalinda mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Pweza wa mwambani huishi kama mwaka mmoja tu, na huzaa mara moja. Ukimtoa siku hiyo, umepata kilo chache za nyama iliyokonda, na maelfu ya mayai yamepotea.

Najua ni vigumu kumwacha wakati mchuuzi anangoja ufukweni na mizani yake. Kwa sababu hiyo vijiji vingine vimekubaliana kufunga mwamba kwa miezi kama mitatu, kisha kuufungua kwa wote siku moja. Watu wa Andavadoaka, huko Madagaska ambako wazee wetu walikuita Bukini, walianza mwaka 2004. Songosongo katika Kilwa na Kisiwa Panza huko Pemba nao wamefanya hivyo. Pweza hukua upesi sana, kwa hiyo miezi michache hutosha kuongeza uzito. Lakini mwenye mashua atakwenda kuvua mahali pengine. Mama anayevua kwa miguu hana pengine. Mkutano wa kufunga mwamba usiomwita mama huyo haujatimia.

Kabla ya kushuka, uliza ofisi ya kijiji. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, na si kila mahali ndani yake panaruhusiwa kuvua.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Bamvu ijayo katika kijiji chenu itaanza siku gani? Mmejuaje?
2. Kwa nini usivute kijiti mara pweza anapokishika?
3. Utamtambuaje pweza anayelalia mayai?
4. Kijiji kikifunga mwamba kwa miezi mitatu, nani atapata shida zaidi? Atasaidiwa vipi?