Kumnywesha Dawa Paka Asiyetaka



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya mikarafuu, palizi na uanikaji. Mara hii tugeuke kidogo, tumzungumzie mlinzi wa ghala. Panya hutafuna magunia, hula mbegu ya mpunga iliyowekwa kwa msimu ujao, na mkojo wake huweza kuleta homa ya mgunda kwa watu. Nyumba yenye paka mwindaji ina nafuu kubwa. Lakini paka naye huugua, na hapo ndipo taabu huanza: dawa imenunuliwa, kidonge ki mkononi, na mgonjwa yuko juu ya dari.

Dawa inayohitajiwa mara nyingi kuliko zote ni ya minyoo. Ukiona chini ya mkia wa paka, au pale alipolala, vipande vidogo vyeupe mfano wa punje za mchele au ufuta, ujue hao ni tegu. Tegu mmoja humpata kwa kumeza kiroboto anapojilamba, na tegu mwingine humpata kwa kula panya. Basi paka anayefanya kazi yake vizuri ndiye anayepata minyoo tena na tena, na kumpa dawa mara moja katika maisha yake hakutoshi. Kwa paka mwindaji desturi ni kila miezi mitatu. Kwa hiyo kazi hii ya kumnywesha haiepukiki, na yafaa ijulikane namna yake.

Kabla ya namna, liko jambo zito zaidi: dawa gani. Paka si mtoto mdogo, wala si mbwa mdogo. Ini la mtu huchukua sumu nyingi, likazifunga kwa kitu kitokanacho na sukari, kisha zikatoka kwa mkojo. Ini la paka ni dhaifu sana katika kazi hiyo. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500, ambacho mtu mzima hukimeza kwa maumivu ya kichwa na kwenda zake shamba, chaweza kumwua paka. Damu yake hushindwa kuchukua hewa, ufizi hugeuka rangi ya udongo au buluu, uso huvimba, na pumzi humpaa. Akishapewa kwa makosa, asingojewe mpaka dalili zionekane. Apelekwe kwa daktari wa wanyama saa ile ile.

Na sisi watu wa karafuu tuna hatari yetu wenyewe. Mafuta ya karafuu yamo katika nyumba zetu nyingi, nasi twayasifu kwa jino linalouma. Yawe ya karafuu zenyewe, yawe ya majani, yawe ya makonyo kama yale yakamuliwayo kiwandani Wawi, sehemu yake kubwa ni yujinoli, na yujinoli ni katika vile vitu ambavyo ini la paka haliwezi kuvishughulikia vizuri. Mtu asimpake paka mafuta hayo kwenye kidonda, wala masikioni, wala mwilini kwa ajili ya viroboto. Atajilamba, na yote yataingia tumboni. Kadhalika dawa za viroboto za mbwa zenye pamethrini, na dawa za kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe: nyingi humtia paka mtetemeko na degedege. Bwana mifugo akiulizwa, aambiwe wazi kwamba mgonjwa ni paka.

Ataulizia uzito. Paka mzima wa kwetu aghalabu huwa baina ya kilo 3 na 5, lakini kukisia kwa macho hakufai, kwa sababu nusu kilo kwa mnyama mdogo ni nyingi. Mtie katika pakacha, mfunike kanga, mtundike kwenye mizani ya kuning'iniza, kisha upime pakacha na kanga vitupu na utoe. Ukiwa na mizani ya kusimama, panda nawe umembeba, halafu panda peke yako.

Sasa namna yenyewe. Iko njia ya ujanja na njia ya mkono. Anza na ujanja.

Watu wengi hukimbilia sukari au asali, kwa kuwa ndivyo tufanyavyo kwa watoto. Kwa paka ni kazi bure. Mwaka 2005 wataalamu walieleza kwamba paka hana mwilini mwake kile kinachohitajiwa ili ulimi uonje utamu. Asali kwake ni kitu cha kunata tu. Kinachomvuta ni harufu ya samaki na mafuta. Chukua mnofu wa changu au samaki mwingine aliyechemshwa, uliotolewa miiba, usio na chumvi wala viungo. Usitoe kutoka kwenye mchuzi, kwa kuwa vitunguu na vitunguu saumu huharibu damu ya paka. Fanya matonge madogo matatu, yenye joto kidogo ili harufu itoke. La kwanza ni tupu. La pili lina kidonge ndani. La tatu ni tupu pia, nawe ulishike mbele ya pua yake tangu anapotafuna la pili, ili kwa uroho wa la tatu alimeze la pili upesi. Mkono uliogusa kidonge usiguse matonge matupu, kwani paka atainusa harufu na mchezo utakuwa umekwisha.

Kidonge kisichanganywe katika sahani nzima ya chakula. Akila nusu akaondoka, hutajua amekula nusu gani, na huenda akakichukia chakula hicho siku zote. Wala kisisagwe bila ya kuuliza, maana baadhi ya vidonge vimefunikwa ganda kwa sababu maalumu, na uchungu wa unga wake humtia paka kinyaa zaidi. Tena lipo wazo la kumshindisha njaa mpaka akubali. Kuchelewesha mlo mmoja hakuna neno kwa paka mzima mwenye siha. Lakini paka asiyekula siku mbili tatu, khasa aliye mnene, mafuta ya mwili wake hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na hayo ni maradhi yawezayo kumwua hata kama yale ya mwanzo yangepona.

Ujanja ukishindwa, ndipo mkono. Njia hii yataka watu wawili na utulivu, na ile ya pili ni adimu kuliko ile ya kwanza. Watoto wanaocheka watolewe chumbani, mlango na dirisha vifungwe, na kila kitu kiwekwe tayari kabla ya paka kuletwa: kidonge kilichopakwa samli kidogo ili kiteleze, maji katika bomba dogo la plastiki lisilo na sindano, na kipande cha samaki cha kumridhisha baadaye. Anayemtafuta paka kwanza na bomba baadaye, atamtafuta paka mara mbili.

Mweke juu ya meza, si chini, na mgongo wake uelekee kwako ili asiwe na pa kurudi nyuma. Mfunge kwa taulo au kikoi, miguu yote minne ndani, kichwa peke yake nje. Kanga ni nyepesi, kucha hupenya. Usimning'inize kwa ngozi ya shingo. Mama hubeba wanawe hivyo wangali wachanga, lakini paka mzima huumia na kuingiwa na hofu, na paka mwenye hofu hafungui kinywa ila kwa kuuma.

Mwenzako amshike mwili. Wewe pitisha mkono wa kushoto juu ya kichwa chake, kidole gumba upande mmoja na kidole cha shahada upande wa pili, penye mifupa ya mashavu, nyuma ya meno ya chonge. Usibane ndevu zake. Inua kichwa taratibu mpaka pua itazame juu. Utaona taya la chini linalegea lenyewe. Shika kidonge baina ya gumba na shahada ya mkono wa kulia, na kwa kidole cha kati bonyeza yale meno madogo ya mbele ya chini. Kinywa kikifunguka, dondosha kidonge katikati ya ulimi, nyuma kabisa, pale ulimi unapopanda kama kilima. Kikianguka mbele ya kilima hicho, atakitema. Kikianguka nyuma, atakimeza. Tofauti yote iko hapo. Funga kinywa, rudisha kichwa sawa, mpapase koo, umpulizie pua kidogo. Akiilamba pua, amemeza. Asipoilamba, usimwachie bado, kwa maana wako paka wenye kuficha kidonge shavuni muda mrefu na kukitema nyuma ya sanduku.

Kazi haijaisha. Kidonge kikavu huweza kukwama katika koo la chakula la paka bila ya mtu kujua. Baadhi ya dawa, na doksisaiklini ndiyo mbaya kwa jambo hili, zikikaa hapo huunguza nyama. Kidonda kikipona huacha kovu, kovu huziba njia, na baada ya siku au majuma paka huanza kurudisha kila anachokula. Watu hudhani maradhi ya kwanza yamerudi, kumbe ni kidonge. Kwa hiyo kila baada ya kidonge apewe maji kiasi cha kijiko kimoja cha chai, mililita 5 hivi, kidogo kidogo, au ale samaki laini papo hapo. Kati ya yote yaliyomo katika somo hili, hili ndilo lisahauliwalo zaidi.

Maji na dawa ya maji hufuata kanuni nyingine. Hapa kichwa kisiinuliwe. Kikae sawa kama alivyo kawaida. Ingiza ncha ya bomba pembeni mwa kinywa, baina ya shavu na meno, nyuma ya chonge, usukume kama mililita moja, ungoje ameze, kisha tena. Dawa ikimiminwa kwa nguvu na kichwa kikiwa juu, huingia mapafuni.

Paka akionja uchungu hutoa povu na ute mwingi, akatikisa kichwa. Mara nyingi hiyo ni sumu ya macho tu. Mpe maji, itapita. Lakini paka anayetoa ute kabla ya kupewa chochote, hawezi kumeza, amebadilika tabia, anarukia watu au anajificha gizani, huyo usitie kidole kinywani mwake kabisa. Huenda ni kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukipata. Mfungie mahali peke yake, uite bwana mifugo. Na mtu yeyote akiumwa na paka, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali. Meno ya paka ni membamba; tundu huonekana dogo juu, na uchafu umezama ndani.

Dawa ya siku nyingi ndiyo huharibika wakati wa mavuno. Baba yuko juu ya mkarafuu, mama na watoto wanachambua makonyo, jamvi li uani na wingu linakuja. Nani atakayekumbuka kidonge cha paka? Akionekana ana nafuu siku ya tatu, huachwa, na vijidudu vilivyobaki huinuka upya. Mpeni mtu mmoja kazi hiyo, atie alama ukutani kwa mkaa kila siku, saa ile ile, baada ya kazi za jioni. Akitapika na kidonge kikaonekana, msirudie kwa kukisia, ulizeni kwanza. Na siku hizo za dawa ya minyoo, mwondosheni kwenye jamvi la karafuu, ambako hupenda kulala jua la alasiri, mkamwekee gunia lake kuukuu kibarazani, penye kivuli na sahani ya maji.