Pishi ya Kariakoo

"Haba na haba hujaza kibaba." Watoto husema hivyo kila siku, lakini ni wangapi waliokwisha kukiona kibaba chenyewe?

Kariakoo, katika mji wa Dar es Salaam, ilipata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza, waliopiga kambi pale baada ya mji kutwaliwa mwaka 1916. Katika nyumba moja ya kale mtaani humo, ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa duka zamani, wavulana wawili walikuta uvunguni chombo cha mti, cha mviringo, kilichochongwa kwa gogo moja. Mmoja alidhani ni kinu, mwenziwe alidhani ni ngoma. Wakampelekea mzee jirani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Tazameni kwanza, ndipo mseme. Kinu huchimbika chini kwa mchi, na hapa chini ni sawasawa. Ngoma huwa na alama za kuwambia ngozi, hapa hapana. Lakini mdomo umelika. Kwa nini?"

Hawakujua. Mzee akapitisha ubao juu ya mdomo wa chombo. "Hii ni pishi. Mwenye duka aliijaza nafaka, kisha akaifuta hivi. Hicho ndicho kipimo cha mfuto. Kikirundikwa huitwa cha tele, na ugomvi wa sokoni ulianzia hapo. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, yaani karibu lita mbili na robo. Hata leo fitri ya Ramadhani twaihesabu kwa pishi."

Duka lile lilikuwa la babu yake yule mvulana mkubwa. Wakaleta mchele na kopo la nusu lita. Kwa haki yangeingia makopo manne na nusu. Yaliingia matatu na nusu tu. Kibaba kizima, au karibu, kilikosekana.

Mzee akatia kijiti ndani, akakilinganisha na kimo cha nje. Kisha akachokora chini kwa ncha ya kisu, na kibao cha mviringo, kilichogandishwa kwa ulimbo, kikang'oka. Wakapima tena: makopo manne na nusu.

Mvulana akainamisha kichwa. "Babu yangu aliwapunja watu?"

"Wengi wameuza katika duka lile, mjukuu wangu. Aliyekitia simjui."

Mvulana alitaka kukitupa kibao. Mzee akakiokota, akamrudishia.

"Ukiipeleka pishi Makumbusho ya Taifa, peleka na hiki."

Kesho yake wakaenda, mmoja amechukua pishi, mmoja kibao.