Usalama Mtandaoni: Somo la Darasani, Swali la Kliniki

Mei 2025, Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa eLearning Africa, mkutano wa waelimishaji kuhusu teknolojia katika ufundishaji. Kabla ya hapo, walimu nchini walikwisha kugawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022. Kifaa hicho hurahisisha somo, lakini mafunzo ya kukitumia hayakamiliki pasipo mafunzo ya usalama mtandaoni.

Utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na UNICEF, ECPAT na INTERPOL na kuchapishwa mwaka 2022, ulibaini kuwa asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa ukatili wa kingono mtandaoni katika mwaka mmoja.

Madhara hayo huufikia mwili. Katika kata kama Sombetini, jijini Arusha, mtoto anayetishiwa kusambaziwa picha zake aweza kuletwa zahanati kwa maumivu ya kichwa, ya tumbo au kukosa usingizi. Chanzo kisipoonekana, mhudumu amuulize faraghani: “Je, kuna mtu anayekusumbua kwenye simu?”

Mzazi, usimkaripie, mtoto anayeogopa adhabu hunyamaza. Usifute ujumbe, kwani ni ushahidi. Picha ya utupu ya mtoto isitumwe kwa mtu mwingine. Piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo, au fika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mwalimu naye aifundishe namba hiyo darasani, kabla haijahitajika.