Misuli na Moyo

Katika nchi ya Bariadi, mvua za kwanza zinaponyesha, wanaume kwa wanawake hutoka alfajiri na majembe yao kwenda kulima mashamba ya pamba, mahindi na mtama. Watoto huchunga ng'ombe na kuchota maji. Jioni wote wamechoka. Mtu aweza kudhani ya kuwa kazi hii huwapa chakula tu. Kumbe huwapa na kitu kingine kisichoonekana kwa macho, nacho ni uzima wa moyo.

Ili kulifahamu jambo hili, yafaa kwanza kujua moyo ni kitu gani. Moyo ni mfuko wa misuli, na ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Hupiga mara 70 hivi kwa dakika, yaani mara 100,000 hivi kwa siku, wala haupumziki mtu alalapo. Kazi yake ni kuisukuma damu hata ifike kila mahali mwilini. Moyo wenyewe nao hulishwa na damu, kwa mishipa myembamba iliyouzunguka. Mshipa mmoja ukizibika, sehemu ya moyo hukosa chakula na hewa, nayo hufa.

Ni kitu gani kiwezacho kuuziba mshipa? Mara nyingi chanzo chake ni mafuta. Kila apikaye mchuzi ameona ya kuwa mafuta na maji havichanganyiki. Damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo mwili huyafunga mafuta pamoja na protini katika vifurushi vidogo sana, ndipo yapate kusafiri. Vifurushi hivi si vya namna moja. Vingine hubeba mafuta ya kuupa mwili nguvu. Vingine hubeba lehemu, kitu kifananacho na nta. Hivi vikizidi huingia katika kuta za mishipa na kuiacha lehemu humo. Haba na haba hujaza kibaba: baada ya miaka mingi njia ya damu huwa nyembamba. Tena viko vingine viizoavyo lehemu iliyozidi na kuirudisha kwenye ini.

Sasa tazama kazi ya misuli. Misuli ni kama meko, na mafuta ni kuni zake. Mtu alimapo au abebapo mzigo, mafuta ya vile vifurushi huvunjwa katika mishipa midogo ipitayo ndani ya misuli, na misuli huyatumia. Huchukua na sukari pia. Maana sukari ikizidi bila kutumiwa, ini huigeuza kuwa mafuta na kuyatia tena katika damu. Basi mwenye misuli mingi ifanyayo kazi ana meko makubwa, na kuni zake huwaka. Asiyeitumia misuli yake, kuni humrundikia bila kuwaka.

Ushahidi wa maneno haya hauko mbali. Kusini-mashariki mwa Bariadi, kuelekea Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao wako katika wilaya ya Meatu. Wengi wao huwinda, huchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2017 wataalamu waliowapima walitoa habari zao: kila siku walifanya kazi ya kuuamsha moyo kwa dakika 135 hivi, na hata wazee hawakuwa wavivu. Shinikizo la damu lilikuwa nadra kwao, na mafuta ya damu yao yalikuwa katika kipimo chema.

Tena mwaka 2015 ilitolewa habari ya watu karibu 140,000 wa nchi 17, waliopimwa nguvu ya kubana kwa mkono. Katika miaka iliyofuata, wale wenye mikono dhaifu walikufa zaidi, na kwa maradhi ya moyo pia. Si kwamba kubana mkono ndiko kuuponyako moyo, bali nguvu ya mkono ni dalili ya hali ya mwili mzima.

Lakini mtu asidanganyike. Kitambi si nguvu, ingawa wengine hukiita dalili ya mali. Wala kazi peke yake haitoshi. Huyapunguza sana mafuta ya nguvu yaliyomo katika damu, lakini lehemu huipunguza kidogo tu. Kwa hiyo yapasa kupunguza vyakula vya mafuta mengi ya wanyama, na kujiepusha na tumbaku. Wako pia watu waliorithi lehemu nyingi kwa wazazi wao. Hao huhitaji dawa ya mganga wa hospitali, hata wakiwa wakulima hodari.

Tangu mwaka 2012 Bariadi ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu. Vijana wengi sasa hushinda wameketi dukani, ofisini au juu ya pikipiki. Kazi hizo si aibu. Lakini misuli isiyotumiwa hupungua, na uzee huipunguza zaidi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto aushughulishe mwili dakika 60 kila siku, na mtu mzima dakika 150 kwa juma, pamoja na siku mbili za kuitia misuli nguvu. Kulima, kubeba maji, kucheza mpira, na hata kucheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ichezwayo kwa majembe, vyote vyafaa. Kijana aonaye haya kushika jembe na akumbuke ya kuwa nguvu haiwekwi akiba kama nafaka ghalani. Hudumu kwa kutumiwa.

MASWALI

1. Kwa nini mafuta hufungwa katika vifurushi kabla ya kusafiri katika damu?
2. Misuli hufananaje na meko?
3. Taja mambo mawili yaulindayo moyo, zaidi ya kazi ya mwili.