Tuta la nyuma ya jiko lina mbegu yake

Masika yanaishia, na wiki hizi ndizo za kusia kitalu cha nyanya za kiangazi. Ukiingia duka la pembejeo utaambiwa uchukue chotara, pakiti yenye alama ya F1, kwa kuwa ndiyo inayozaa. Kwa mwenye eka nzima anayejaza matenga ya kupeleka Kariakoo, ushauri huo ni sahihi. Kwa mwenye tuta la mita moja kwa tatu nyuma ya jiko, mimi nashauri mbegu za kawaida za zamani, kama Marglobe na Moneymaker. Sisemi hivyo kwa kupenda vya kale. Mbegu huchaguliwa kwa kazi inayoisubiri, na tuta la nyumbani lina kazi tofauti na shamba la biashara.

Nyanya ya soko hutakiwa iwe ngumu, istahimili lori na mikono mingi, na iive kwa pamoja. Ladha ilisahaulika njiani, na sayansi imeonyesha ilipopotelea. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2012 ulieleza kwamba wazalishaji wa mbegu, kwa miongo mingi, walichagua matunda yasiyo na mabega ya kijani kilichokolea, kwa sababu hayo hugeuka mekundu sawasawa na mvunaji hakosei wakati wa kuchuma. Kumbe kijani kile huletwa na jeni inayoongeza klorofili katika tunda changa, na tunda la namna hiyo hujitengenezea sehemu ya sukari yake lenyewe. Walipoyaondoa mabega, wakaondoa na sehemu ya utamu. Mwaka 2017 timu iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Florida ilichunguza aina 398 za nyanya, za kisasa, za zamani na za porini, ikakuta kwamba aina za kisasa zimepungukiwa na kemikali kadhaa zinazotoa harufu na ladha. Si kila mbegu ya zamani ina mabega hayo, kwa hiyo litazame tunda kabla halijaiva. Pia familia haihitaji nyanya zote ziive wiki moja. Inahitaji mbili tatu kila siku za mchuzi na kachumbari, na aina ndefu za zamani, zikisimikiwa miti na kuondolewa machipukizi ya kwapani, huendelea kuzaa kidogo kidogo kwa miezi.

Pingamizi kubwa ni magonjwa, na lina uzito. Hata hivyo, si kweli kwamba kila mbegu ya zamani haina kinga. Marglobe ilitolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1925, na sifa iliyoitangaza ni kustahimili mnyauko fusari. Kantangaze, mdudu wa nyanya aliyeingia Tanzania karibu mwaka 2014, hushambulia chotara pia. Kwenye tuta dogo majani yenye michirizi yake yachume mapema uyachome. Mnyauko bakteria ndio mgumu. Mche ukinyauka ghafla ungali wa kijani, kata shina ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi: uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ugonjwa ni huo, na kwenye udongo huo usioteshe nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa. Kwa ugonjwa wa bakajani chelewa nakubali kushindwa hoja mahali pamoja. Anayeishi Lushoto au nyanda za Mbeya, kwenye ukungu na baridi ya Juni na Julai, na asiye na paa la nailoni juu ya tuta, achukue chotara yenye kinga. Wengine wote wapande miche kwa nafasi ya sentimita 50 hadi 60, wakate majani yanayogusa udongo, na wamwagilie shinani asubuhi. Ugonjwa huu huhitaji jani lililolowa kwa saa nyingi, kwa hiyo usiloweshe jani.

Wapo watakaosema hakuna haja ya kujiwekea mbegu, kwa kuwa pakiti hununuliwa kila msimu bila shida. Lakini mbegu ya chotara, ukiikamua kwenye tunda na kuisia, hutoa miche ya kila namna, maana sifa za wazazi wake hutawanyika. Mbegu ya kawaida hujirudia, kwa kuwa ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe, na kila mwaka unapochagua mche uliostahimili udongo na hewa ya kwako, unaweza kuisogeza mbegu karibu na mahali pako. Hata Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa Arusha mwaka 1997, zinafaa kwa kazi hii kwa kuwa si chotara. Basi funga kitambaa kwenye mche wenye afya kuliko yote, usichume matunda yake mawili matatu hadi yaive kabisa, kisha kamua mbegu na maji yake ndani ya kikombe. Ziache zichache siku mbili au tatu mpaka utando ulainike, zioshe, mwaga zinazoelea, na zilizozama zianike kivulini juu ya sahani. Zikikauka vizuri na kuhifadhiwa mahali pakavu na baridi, zitaota hata baada ya miaka minne.