Wingu Jeupe katika Kioo
Kwa nini tunapima mkojo wa mama mwenye mimba



Mama mwenye mimba akifika hospitali, mwuguzi humpa kikombe na kumwomba mkojo. Wengine huona haya. Wengine huogopa kwamba mkojo wao utachukuliwa kwa uchawi. Wengine huomba mkojo wa jirani, au huongeza maji, ili kazi iishe upesi. Tunataka ufahamu sababu ya kipimo hiki, kwa maana ndani ya kikombe kile mna habari inayoweza kuokoa watu wawili, mama na mtoto.

1. Anza jikoni kwako

Vunja yai katika sahani. Ute wake ni kama maji, nawe waweza kuona sahani chini yake. Utie katika maji yanayochemka: mara unakuwa mweupe na mgumu, wala haurudi kuwa kama maji tena. Sasa kamulia ndimu katika maziwa. Yanaganda, na mabonge yanajitenga na maji.

Mambo haya mawili yanatokea kwa sababu ndani ya ute wa yai na ndani ya maziwa mna protini. Hiki ni kitu kinachojenga mwili. Kimo pia katika nyama, samaki, maharagwe, na katika damu yako. Chembe moja ya protini ni kama uzi mrefu uliokunjwa vizuri. Ni ndogo mno, nayo huelea katika maji bila kuonekana. Moto huikunjua, na nyuzi zilizokunjuka hushikamana kuwa mabonge. Ukali wa ndimu au siki nao hufanya chembe ziache kusukumana, basi zinakusanyika.

Wafanyakazi wa maabara wana njia nyingine pia. Hutia spiriti kali, au chumvi nyingi za namna fulani zinazoinyang'anya protini maji yake. Katika njia hizi zote, kilichokuwa hakionekani sasa kinaonekana kwa macho.

2. Kazi ya mwuguzi

Mwuguzi hutia mkojo katika bomba dogo la kioo, hata robo tatu. Hulishika upande wa chini, na kuchemsha mkojo wa juu kwa taa ya spiriti. Wa chini haupati moto, ili alinganishe sehemu hizi mbili.

Wingu jeupe likitokea juu, hasemi neno bado. Mkojo una chumvi ambazo moto huzifanya kuwa nyeupe, na hizo si ugonjwa. Kwa hiyo hudondosha matone machache ya asidi ya siki iliyopunguzwa kwa maji. Wingu likitoweka, lilikuwa chumvi tu. Likibaki, au likizidi, ni protini.

Siku hizi mahali pengi hutumia ukanda mdogo wenye dawa, ambao rangi yake ya manjano hugeuka kuwa kijani. Ukanda huo haugandishi protini, bali huonyesha kwa rangi kwamba iko. Lakini kanda zikiisha, taa na asidi ya siki bado zinaweza kutumika.

3. Maana ya wingu

Mafigo ni kama chujio. Huacha uchafu wa damu upite, na huzuia protini. Mtu mzima mwenye afya hupoteza chini ya gramu 0.15 kwa siku katika mkojo. Mwaka 1827, mganga Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London, alieleza habari za wagonjwa waliovimba mwili. Mkojo wao uliganda ulipopashwa moto, na mafigo yao yalikuwa mabovu. Mwaka 1843 John Lever, wa hospitali ile ile, aliona jambo hilo katika mkojo wa akina mama walioshikwa na kifafa cha mimba.

Ugonjwa huu huanza mara nyingi baada ya juma la 20 la mimba. Kondo la nyuma halikushika vema, na mishipa ya damu ya mama inaumia. Mkazo wa damu, ambao wengi huita tansio, unapanda kufika 140 kwa 90 au zaidi. Mafigo yanaanza kuvuja protini. Mama anaweza kujisikia mzima kabisa, kumbe hatari iko njiani. Isipotunzwa, anaweza kuanguka na kutetemeka mwili wote. Hapo wengine husema ni pepo, au humshitaki mama mkwe. Sivyo, ndugu. Ni ugonjwa, na unaweza kuonekana mapema.

4. Ufanye nini?

Jioshe kwanza. Acha mkojo wa mwanzo upite, kisha kinga wa katikati, maana damu au ute wa njia ya uzazi huweza kuleta wingu la uongo. Toa mkojo wako mwenyewe. Ukitoa wa jirani, tutamtunza jirani na kukuacha wewe.

Hata mkojo ukiwa safi, kubali kupimwa tansio kila mara, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kuja bila protini.

Njoo upesi, hata usiku, ukiona dalili hizi: kichwa kuuma sana, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafula. Dalili hizi zaweza kuja hata siku chache baada ya kuzaa.

Mama akianguka, mlaze kwa ubavu wa kushoto, usitie kitu chochote kinywani mwake, na mpelekeni hospitali mara moja. Iko dawa ya sindano, magnesi salfati. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2002, kwa akina mama zaidi ya 10,000 wa nchi 33, dawa hiyo ilipunguza kifafa kwa zaidi ya nusu. Lakini ugonjwa hauanzi kwisha mpaka mtoto azaliwe, na waganga ndio watakaochagua wakati.

Ndugu, mwombee mke wako, kisha msindikize hospitali. Kuomba na kupima havipingani. Mungu anayesikia maombi ndiye aliyetupa macho ya kuona wingu.

Maswali
1. Kwa nini ute wa yai hugeuka kuwa mweupe katika moto?
2. Kwa nini mwuguzi hutia asidi ya siki baada ya kuchemsha mkojo?
3. Taja dalili nne za hatari.
4. Mama anayejisikia mzima apimwe kwa sababu gani?